Makaa ya Bi Mkubwa

Kilichomponza Masizi kilikuwa kiberiti.

Siku ile mvua ilianza saa nane mchana na mpaka jioni haikuonyesha dalili ya kuchoka. Paa la jikoni lilivuja, na likaona livuje palepale juu ya rafu iliyowekwa kiberiti. Mkewe alijaribu kukikausha kifuani, wapi. Ndipo alipojifunika kipande cha turubai, akakata njia ya matope kutoka nyumba za wafanyakazi mpaka karakana ya reli, ambako mumewe alikuwa anaufunika moto wa injini ili ulale vizuri mpaka alfajiri.

"Baba Kidoti," aliita kutoka mlangoni. Hakupenda kusogea karibu na injini ile. "Kiberiti kimelowa chapachapa na duka limefungwa. Mtoto hajatia kitu cha moto tumboni tangu asubuhi."

"Kamwombe moto jirani."

"Jirani mwenyewe jiko lake limejaa maji."

Masizi akaangalia tanuri la injini. Kisha akaangalia nyuma yake, kama mtu anayetaka kuiba.

Walimwita Masizi kwa sababu hata akimaliza kipande kizima cha sabuni, weusi ulibaki kwenye mikunjo ya shingo. Alikuwa mchochea moto. Kazi yake ilikuwa kusimama na beleshi ndani ya kibanda cha injini ya mvuke, akiilisha makaa ya mawe safari nzima, huku dereva akitazama njia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amelisha injini moja tu. Karakana nzima waliiita Bi Mkubwa, na utani wao ulikuwa kwamba yule mke wa nyumbani ndiye bi mdogo. Mkewe mwenyewe hakuwahi kuucheka utani huo.

Na tuseme ukweli, utani haukuwa mbali. Masizi alimpenda Bi Mkubwa. Alijua njaa yake kwa kusikiliza tu. Vali yake moja ilikuwa imelika, kwa hiyo hata kwenye tambarare alichechemea: pumzi tatu fupi, ya nne ndefu. Chaf, chaf, chaf... chaaaf. Kuna jioni alimaliza zamu na bado akabaki saa nzima, amemwegemea ubavuni pale penye uvuguvugu, chakula kinapoa nyumbani. Mkewe alipopata mimba baada ya miaka tisa ya kungoja, wa kwanza kupewa habari, kabla hata ya mama mzazi wa Masizi, alikuwa Bi Mkubwa.

Sasa, wachochea moto walikuwa na kanuni yao, ambayo haikubandikwa ukutani pamoja na zile za usalama kazini. Siku unayokabidhiwa injini, unabeba kaa moja la moto kutoka jikoni kwako na kulitupa tanurini, ili injini imjue mtu wake na ijue anakotoka. Moto hutoka nyumbani kwenda kwa injini. Haurudi. Kwa nini haurudi, ukiuliza uliambiwa, "Ndivyo tulivyokuta."

Masizi aliijua kanuni hiyo. Lakini mtoto wake alikuwa na njaa, na mvua ilikuwa inanyesha, na mbele yake palikuwa na moto wa kuchemshia bahari.

Akafungua mlango wa tanuri, akachota beleshi moja.

Bi Mkubwa akashusha pumzi.

Masizi alisimama na beleshi mkononi. Mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa umelala chini, hapakuwa na nguvu ya kutoa hata mluzi. Na bado alikuwa amesikia, wazi kabisa, pumzi moja ndefu, kama ya mtu aliyesubiri jambo mpaka akakata tamaa, halafu likatokea.

Akayafunika makaa kwa bati, akaenda nyumbani.

*

Jiko liliwaka vizuri kuliko siku zote. Mkewe alifurahi, kwa mara ya kwanza akalisifu lile dude la karakana. Makaa yale hayakuzimika. Usiku aliyafukia kwenye majivu, asubuhi akiyafukua yanacheka. Akatia juu yake makaa ya kawaida na moto ukaendelea. Wiki ikapita bila yeye kununua kiberiti.

Kidoti alikuwa na miaka mitano. Jina hilo lilitokana na alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo, na mdomo wenyewe haukujua kunyamaza. Siku ya tatu alianza kuomba maji. Kikombe kimoja, cha pili, cha tano. Mama mtu akadhani ni joto. Siku ya sita mtoto alikunywa jagi zima kwa mkupuo, akalirudisha mezani, akasema, "Bado."

Chakula akakisukuma pembeni.

Mwili wake ukawa moto. Muuguzi wa zahanati alimpima, akakitikisa kipimajoto, akampima tena, akaenda kuleta kingine. Mwishowe aliandika dawa bila kuwatazama usoni.

Ilikuwa jioni Masizi alipomkuta mwanawe nyuma ya nyumba, amechuchumaa kwenye gunia la makaa, mgongo kampa. Alisikia kwanza mlio. Karap... karap... Kama mtu anayetafuna mifupa ya kuku.

"Mama," alimwita taratibu, kama baba wanavyowaita binti zao. "Unakula nini?"

Kidoti akageuka. Meno yake yalikuwa meusi. Wala hakuonekana kama mtoto aliyefumaniwa, alionekana kama mtu anayekula chakula chake.

Masizi akambeba mbio mbio hadi ndani, akamsafisha mdomo kwa kidole, akamlaza kifuani kwake. Hapo ndipo aliposikia. Alikaza sikio kwenye mbavu zile ndogo na nywele zikamsimama.

Pumzi tatu fupi.

Ya nne ndefu.

*

Hakumwambia mkewe. Angesema nini? Alijipa moyo kwamba ni homa, kwamba masikio yake yamezoea mlio mmoja mpaka anausikia kila mahali. Alijidanganya hivyo mpaka siku ya kuoshwa boila, lile pipa la kuchemshia maji ya injini.

Kila baada ya wiki kadhaa injini huzimwa, moto ukaangushwa kwenye shimo la majivu, boila likapoa na kuoshwa magadi yaliyoganda ndani. Asubuhi ile Masizi aliuangusha moto mwenyewe. Kabla ya saa sita, mkewe alikuwa ametuma mtu karakana: njoo nyumbani, mtoto anakufa.

Alimkuta Kidoti amewekwa karibu kabisa na jiko, amezungushiwa blanketi mbili. Midomo ilikuwa ya buluu. Masizi akamgusa shavu, akautoa mkono. Ulikuwa ubaridi wa chuma. Tena ubaridi ule wa chuma cha asubuhi, wenye umande.

"Nikimwondoa hapa jikoni anaacha kupumua," mkewe alinong'ona. Macho yake yalikuwa makavu kwa hofu. "Baba Kidoti, nimejaribu mara mbili."

Wakakaa pale wanapepea jiko. Saa kumi na dakika chache mtoto alivuta pumzi, rangi ikamrudi, na joto likampanda kwa mkupuo mmoja. Akafungua macho.

"Maji," alisema.

Masizi hakuhitaji kuangalia saa. Huko karakana walikuwa wamemwasha tena Bi Mkubwa.

*

Dereva wake alikuwa mtu mzima aliyeitwa Breki, kwa kuwa hakujua kusimamisha treni bila abiria kugongana vichwa. Alikuwa mtani wa kila mtu. Lakini kesho yake Masizi alipomweleza, Breki alifunga mlango wa chumba cha mapumziko, akaketi, akavua kofia.

"Ulibeba makaa," alisema kwa sauti ya chini.

"Beleshi moja tu, mzee. Kulikuwa na mvua."

"Hata aliyekuwa na beleshi hilo kabla yako alibeba. Alikuwa na mtoto wa kiume, ndiyo kwanza anatambaa." Breki aliigeuzageuza ile kofia. "Sisi tuliambiwa homa. Halafu Bi Mkubwa akapelekwa matengenezo makubwa. Miezi mitatu bila moto."

"Na mtoto?"

Breki akatikisa kichwa.

"Kwa nini, mzee? Anataka nini?"

"Mimi nitajuaje? Namwendesha tu." Akaitua kofia mezani. "Labda na yeye amechoka kuwa nje. Kila siku anamwona mtu wake anashuka anakwenda kwake. Labda anataka wa kwake. Sijui, mwanangu, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba yule mwenzako aliambiwa arudishe moto. Wote, hadi majivu, kwa mkono uleule uliouchukua, kabla injini haijazimwa. Kisha nyumba ikae baridi mpaka injini yenyewe ife kabisa. Baada ya hapo unawasha moto mpya wa kiberiti. Mwenzako alichelewa."

"Mimi nina muda?"

Breki akamtazama kwa huruma isiyofichika.

"Hujasoma tangazo? Zimekuja injini za dizeli. Ijumaa Bi Mkubwa anakwenda kukatwa chuma chakavu."

Ilikuwa Alhamisi. Saa kumi jioni.

*

Mkewe alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakulia, hakugomba. Alimwuliza swali moja tu.

"Ulipouchukua, ulijua kwamba hairuhusiwi?"

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa, akalishika jiko upande mmoja ili wamimine pamoja. Walimimina kila kitu kwenye ndoo ya bati. Wakafagia majivu kwa ufagio, wakakung'uta ufagio, wakapangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, wakakitia na kitambaa ndooni. Jua lilikuwa linazama Masizi alipoingia karakana, ndoo mkono mmoja, beleshi mkono mwingine.

Hapakuwa na mtu. Wenzake walikuwa upande wa pili wakizishangaa dizeli mpya. Bi Mkubwa alisimama peke yake kwenye njia ya mwisho, na moto wake wa mwisho ndani.

"Ni mimi," Masizi alisema. Alisema kwa mazoea tu. Ndivyo alivyosema kila alfajiri kwa miaka kumi na moja.

Akapanda. Akaushika mlango wa tanuri.

Ukafunguka kabla hajauvuta.

Kilichomjia kwanza ni harufu. Makaa yana harufu yake, na yeye aliijua kuliko ya chakula cha mama yake. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya utosi wa Kidoti anapoamka asubuhi. Ilimjia usoni pamoja na joto, harufu ya mwanawe, kutoka ndani ya tanuri la chuma.

Akainama kutazama.

Mchochea moto hutandaza makaa sawasawa, hadi kingo zote. Hivyo ndivyo alivyoyaacha mchana. Sasa yalikuwa yamejisogeza pembeni, yamepangwa vizuri kuzunguka, na katikati palikuwa pameachwa nafasi.

Nafasi ndogo. Ya mtu mdogo... akilala kwa ubavu.

Masizi alipiga kelele, au alidhani alipiga. Akachota kutoka kwenye ndoo kwa beleshi lake, akatupa mle katikati. Akachota tena. Mikono yake ilijua kazi. Alipofika kwenye majivu aliinua ndoo akaikung'uta mpaka tupu. Pampu ya injini ikaanza kugonga yenyewe, tu... tu... tu..., na mlango wa tanuri ukajifunga kwa nguvu ukalibana beleshi. Alivuta. Halikutoka. Kuna kitu kilikuwa kimelishika upande wa pili, na hakikulivuta, kililishika tu, kama mtu anayekushika mkono usiondoke.

"Niachie," alinong'ona. "Nina mtoto."

Pumzi tatu fupi.

"Nakuomba."

Mlango ukalegea. Beleshi likatoka, na Masizi akaanguka chali kwenye rundo la makaa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa machozi, na hakujua kama anamlilia mwanawe au anamlilia yule anayemwacha. Aliuangusha moto wote kwenye shimo la majivu, akaumwagia maji, akasimama pale mpaka kaa la mwisho likanyamaza.

Alifika nyumbani akiwa na roho mkononi. Mkewe alikuwa amekaa gizani, mtoto mapajani.

"Ametoka jasho," alisema. "Jasho la kawaida. Anataka kula."

Masizi akaweka sikio kifuani kwa mtoto. Pumzi zilikwenda sawa, zote fupi, za mtoto yeyote. Walimlisha mkate mkavu na ndizi mbivu, kwa kuwa nyumba haikuwa na moto, na wakamtazama akitafuna kama watu wanaotazama sinema.

*

Ijumaa alikwenda kukabidhi vifaa vyake. Akiwa pale walimkokota Bi Mkubwa hadi kwenye uwanja wa chuma chakavu, na kabla ya saa tisa alikuwa ameshakatwa. Breki alimwonyesha tanuri, limepasuliwa vipande viwili, ndani yake jua linaingia.

"Kwisha," Breki alisema. "Kawashe jiko lako."

Masizi akanunua kiberiti kipya, akashika njia ya nyumbani. Alitembea upesi. Jua lilikuwa linakwenda kuzama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na hamu ya kufika.

Kwenye kona aliona moshi.

Ulikuwa unatoka jikoni kwake.

Mkewe alikuwa amelala kitandani, usingizi wa mtu aliyekesha siku nyingi. Jikoni alikuwapo jirani yao, fundi cherehani, mama mwema asiye na makuu, anapuliza jiko.

"Nimekuta jiko baridi," alisema, anatabasamu. "Nikasema mama mtoto kachoka, ngoja nimwinjikie maji. Nimeleta makaa kutoka kwangu."

"Makaa..." Masizi alilitazama jiko. "Makaa yako uliwasha na nini, dada?"

"Si haya haya ya kwenu. Ile siku ya mvua mkeo alinigawia mawili matatu ya kutia kwenye pasi yangu ya mkaa. Sijayazima mpaka leo. Makaa mazuri hayo. Nimekuletea yote, mimi kesho nasafiri kwa mwanangu."

Masizi alimshukuru. Baadaye hakukumbuka alimshukuru vipi, lakini alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akalibeba jiko kwa mikono mitupu mpaka nje, akashika ndoo ya maji.

"Baba."

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni. Kati yake na jiko palikuwa na hatua saba, na kila Masizi alipoinua ndoo, midomo ile ilizidi kuwa ya buluu. Alimimina tone. Tone tu, kwenye kaa moja la pembeni. Kaa likalia tss, na mtoto akaanguka kama gunia.

Masizi akaitupa ndoo. Akalirudisha jiko ndani mbio, viganja vinaungua, akaleta mtoto, akapuliza, akapuliza, akatia makaa. Uso wa mwanawe ukarudi taratibu. Safari hii hapakuwa na injini mahali popote, wala tanuri la kurudishia kitu. Palikuwa na jiko hili moja.

Mkewe aliamka kwa kelele. Alisimama pale mlangoni, akaangalia jiko, akaangalia viganja vya mumewe, akaelewa bila kuambiwa.

"Ukizimika?" aliuliza.

"Usizimike."

"Mpaka lini?"

Masizi alikuwa ameshapiga goti mbele ya jiko, anausoma moto rangi yake, anausogeza kingoni, kama alivyofundishwa. Mkewe akalisikiliza jiko kidogo. Kisha akavuta kigoda.

"Lala wewe kwanza," alisema. "Nitakuamsha saa sita."

Kidoti leo ana miaka kumi na minne. Ni msichana mrefu, ana akili darasani, haendi mbali na nyumbani, na anakunywa maji mengi. Wazazi wake hupokezana zamu. Tangu jioni ile, hakuna usiku hata mmoja ambao mume na mke wale wamelala kitanda kimoja.